Warfa Olow, Mpiga Picha wa Chini ya Bahari

Assalamu alaykum wazee wetu, akina mama, majirani, pamoja na wenzake marehemu wa kazini waliosafiri kutoka pwani, ambao kwa ajili yao nasoma kwa Kiswahili. Mimi ni Aweys, mdogo wake marehemu, na nikikosea mniwie radhi, nyumba hii imechoka.

Ndugu yetu Warfa alizaliwa Ijara mwaka 1959, kifungua mimba wa Mzee Olow, mfugaji, na mama yetu Ebla, akasoma shule ya msingi Masalani hadi 1974, kisha akajifunza upigaji picha mjini Garissa, akaishi kwa picha za vitambulisho na harusi. Mwaka 1985 alimuoa Shamso, wakajaliwa Idil na Mustafe.

Ukame wa 1992 ulipomaliza mifugo, hakuna aliyetaka picha tena, akashuka hadi Shimoni, kijiji cha pwani ya kusini, kuwapiga picha watalii, na huko, mtu asiyejua hata kuogelea, akajifunza kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni, akawa anapiga picha za matumbawe na samaki kando ya kisiwa cha karibu. Alipotuletea picha hizo mama alimuuliza, "Warfa, huko chini ni nani aliyepaka rangi?" naye akacheka, "Hooyo, mama yangu, nimezikuta hivyo hivyo."

Tarehe 9 Februari 1996, mgeni mmoja aliingiwa na hofu kilindini, akaanza kupanda mbio, Warfa akapanda naye moja kwa moja, ingawa wapiga mbizi hutakiwa kusimama njiani ili mwili utoe hewa polepole, yule akapona, lakini mapovu ya hewa yaliingia katika damu ya ndugu yetu, akapooza miguu yote miwili.

Tangu arudi nyumbani kutoka hospitali ya Mombasa, Shamso na mimi tumepokezana kumgeuza na kumwosha vidonda vya mgongo, na mafuriko ya 1997 yalipokata barabara, dawa zikaadimika. Siku moja, kwa uchovu, nilimuuliza, "Kwani hukuweza kumwachilia yule mgeni?" Akasema, "Aweys, alikuwa amenishika mkono."

Mwishowe figo zake zilishindwa kufanya kazi, akafariki jana alfajiri, tarehe 14 Machi 1998.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mombasa na wa hapa Garissa, majirani mliotuchotea maji, na wenzake wa kazi ambao hamkuacha kuja. Shemeji Shamso, wewe nenda ukalale, wageni tutawapokea sisi. Na wewe Warfa, Mola akurehemu, upumzike kwa amani, nasi utupe ruhusa tupumzike kidogo.