Gundi ya Nyuki Katika Mafuta ya Nazi: Maisha ya Mama Modester Abraham Mihayo

Wapendwa katika Bwana, na majirani zetu mliofunga maduka mje kukaa nasi, familia inaomba mtulie, msikie maisha ya mama yetu.

Marehemu Modester alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Sikonge, Tabora, mtoto wa Mzee Abraham, mrina asali, aliyemfundisha kusali na kutoogopa nyuki. Alisoma Tabora, akahitimu mafunzo ya ufugaji nyuki mwaka 1987, akaanza kazi huko huko. Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na Samwel Lukas, askari polisi, wakajaliwa Damian na Beata, na mwaka 1993 wakahamia Pemba.

Hapa Chake Chake alifundisha akina mama kufuga nyuki, na gundi ya nyuki, ule utomvu mweusi unaonata ambao nyuki huzibia nyufa, iliyokwanguliwa mizingani kule Msuka, kaskazini mwa kisiwa, aliiloweka kwenye spiriti, kama alivyozoea bara, akampelekea jirani yake Bi Kazija dawa ya miguu iliyopasuka. Bi Kazija aliinusa, akairudisha kwa upole, akisema, "Mama Damian, hii yanuka ulevi, ntasali nayo vipi?" Marehemu aliona haya, akahofu kwamba jirani huyo hatapokea tena kitu mkononi mwake, hata sahani ya chakula.

Akajaribu mafuta ya nazi, akayabandika motoni moja kwa moja, gundi ikaungua, mtaa mzima ukanuka, Bi Kazija akaja mbio akicheka, akamwambia mafuta hayataki pupa, ayatie chupani na chupa aiweke ndani ya maji ya moto. Tangu hapo wakawa wanapika pamoja, wanaponda gundi, wanaiacha ilainike polepole katika mafuta aliyokamua Bi Kazija mwenyewe, wanachuja kwa kitambaa, na dawa ile ikapokelewa katika nyumba zilizokataa spiriti.

Mei 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa hapa na Dar es Salaam, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Mgongo ulipochubuka kwa kulala, Bi Kazija alikuja kila alasiri kumpaka mafuta yale, akimtania, "Geuka, mwalimu, leo hunitoroki." Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafugaji nyuki wenzake wa Msuka, na majirani wote. Chupa ya mwisho ya gundi aliyoiloweka marehemu katika mafuta bado iko jikoni, na familia imemwomba Bi Kazija aichuje, maana yeye ndiye ajuaye ikiwa tayari.

Mama Damian, Bwana akupokee, pumzika kwa amani.