Mzee Hodi na Wapangaji wa Vibuyu

Mzee wetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Hodi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, wa nne kati ya watoto sita. Uchungu ulimkaba mama yake siku mbili. Mkunga alisema mtoto hana tatizo, anangoja kukaribishwa.

Alianza shule Januari 1957. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa hasikii vizuri, na marehemu hakuingia popote bila kuitikiwa. Hesabu za kugawanya alizisomea barazani, na ilionekana maisha yake yote kila alipogawa nyama mezani.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa tarishi katika ofisi ya ardhi, akapeleka mafaili miaka thelathini na minane. Sheria yake ilikuwa moja: hodi tatu, kukiwa kimya anaondoka. Wakubwa wawili waliosinzia walizikosa barua zao za kupandishwa cheo.

Kwa sheria hiyo nusura akose mke. Alikwenda kwa kina binti kuposa mara mbili, akabisha, redio ikawa juu, akarudi zake. Mara ya tatu binti mwenyewe alimvizia nyuma ya mlango. "Ingia," akamwambia, "kabla hujaniponyoka tena." Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1974.

Alipostaafu alipanda mamumunye nyuma ya jiko, azma yake ikiwa kuwajengea ndege nyumba. Alivikausha vibuyu hadi mbegu zikacheza ndani, akavikwangua kwa waya wa kusugulia sufuria wa mkewe (kesi hiyo haijaisha), akatoboa kila kimoja mlango mmoja, na chini matundu matatu ya kutoa maji ya mvua. Kisha rangi: madirisha, mapazia, namba ya nyumba na neno KARIBU. Alitundika kumi na kimoja. Miaka kumi na mitano hakupata mpangaji, kwani kila asubuhi alivigonga kwa ukucha, "Hodi humu?", na shomoro aliyeleta majani akatimua mbio. Mama yetu alimwambia anawafukuza mwenyewe. Akajibu kwamba hawezi kuchungulia nyumba ya watu kama mwizi.

Tarehe 20 Januari mwaka huu kiharusi kilimlaza. Vibuyu vikakosa wa kuvigonga. Mwezi haujaisha, namba saba, nje ya dirisha lake, ikapata mpangaji, shomoro, na kufikia Machi vifaranga vilikuwa ndani. Alipoambiwa, aliinua mkono wa kushoto kuelekea kioo. Mama akaushika.

"Leo usigonge, baba. Sema polepole tu."

Akasema hodi, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa. Vifaranga vikalia.

"Umesikia?" akamwambia mama. "Wamesema karibu."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa moja asubuhi, mkono ukiwa bado umeshikwa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, vibuyu kumi vitupu, na familia ya namba saba, ambayo waombolezaji wanaombwa wasiibishie hodi.

Apumzike kwa amani. Na huko alikofika wasichelewe kumwitikia, maana tunamjua: wakikaa kimya mara tatu, atarudi.