Maksai Nyuma ya Tela la Malimi

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa zetu, na wengine habari za jioni. Leo tunamkumbuka Malimi, dereva wa Mkuyuni, Mwanza, aliyetutoka wiki iliyopita. Malimi wa tela la jeshi. Najua wengine mmeshaanza kutabasamu.

Tela lile alilinunua mnadani mwaka tisini na tatu, jeshi lilipouza vifaa vyake chakavu. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, kila mtu anatafuta pa kuanzia. Lilikuwa tela zito, la kuvutwa na lori. Malimi hakuwa na lori. Alikuwa na Landrova kuukuu. Narudia: tela la lori, nyuma ya Landrova.

Shemeji yake, Venant, alimwonya. "Breki za tela hili zinatumia upepo wa lori. Wewe upepo utautoa wapi?"

"Mbona limetoka mnadani mpaka nyumbani bila shida, shemeji?"

Kweli, lilitoka. Lakini lilikuwa tupu, na njia tambarare. Mbishi yule, Mungu amrehemu.

Mkewe, Dorotea, alitamani kitu kimoja: mashine ya kusaga kijijini kwao, ng'ambo ya Misungwi, ambako wanawake walitembea nusu siku na mahindi kichwani. Mashine ikapatikana, ikapakiwa kwenye tela. Safari ikaenda vizuri mpaka mteremko wa mwisho.

Walipoanza tu kushuka, Malimi alikanyaga breki. Landrova ikatii, tela likakataa. Likalisukuma gari kwa nyuma, usukani ukawa mwepesi mikononi. Malimi akakata kona, akaingia shamba la pamba, wakasimamishwa na kichuguu.

Dorotea alishuka, akamgeukia mumewe. "Baba Mhoja, ulitaka kuniua kabla sijala huo unga?"

Malimi alitazama chini bondeni. Aliogopa kuliko mkewe, na mteremko wote ulikuwa bado mbele.

"Baba yangu alikuwa anafunga maksai nyuma ya mkokoteni," Dorotea akasema. "Wakivutwa, wanajizuia. Mkokoteni unashuka taratibu."

"Mimi dereva mwenye leseni, nishikiwe breki na ng'ombe?"

"Basi geuza, turudi Mwanza."

Maksai wakaletwa kutoka kijijini, wakafungwa nyuma ya tela. Dorotea akashika kamba, akiwasemesha Kisukuma. Malimi mbele, gia ya kwanza, amenuna. Kijiji kizima kilicheka, lakini mashine ilifika salama. Wiki ile ile ikaanza kusaga.

Tangu hapo, kila akifika juu ya mteremko na mzigo, Malimi alipiga honi na kusubiri maksai.

Jumamosi alirudishwa kijijini kuzikwa, juu ya tela lile lile. Venant ndiye aliyeendesha. Walipofika juu ya mteremko, kwa kuwa jeneza halina uzito, akataka kupitiliza bila maksai. Dorotea akamzuia. "Piga honi."

Akapiga. Maksai wakaja. Watu wakamsihi mjane akae garini, akakataa, akashika kamba mwenyewe.

"Siku ile nilimshika asiporomoke," alisema. "Leo nitamwachaje ashuke peke yake?"

Mama Mhoja, watoto, shemeji Venant, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, hebu kila mmoja ageuke amtazame anayemshikia kamba nyuma, ambaye hasifiwi na mtu. Amshukuru angali anasikia. Malimi hakuwa mtu wa maneno matamu. Yeye alipiga honi, akasubiri.