Orest Dutchak, Aliyewasubiri Vijana Waive

9 Septemba 1945 – 4 Aprili 2019

Marehemu Orest Dutchak alizaliwa tarehe 9 Septemba 1945 katika shamba la wazazi wake, kaskazini mwa Ituna, Saskatchewan, hapa Kanada. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wasyl Dutchak na marehemu Bibi Paraska, na alibatizwa katika kanisa hili hili tulimokusanyika leo. Mama yake alikuwa akisema kwamba alizaliwa katikati ya mavuno, siku ambayo hapakuwa na mtu wa kumbembeleza, ndiyo maana akajifunza mapema kukaa kimya na kutazama watu.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja karibu na shamba lao, kisha sekondari ya Ituna, ambako alimaliza darasa la kumi na mbili mwezi Juni 1963. Tangu utotoni alicheza hoki ya barafuni, na baada ya shule alikuwa beki wa timu ya vijana huko Yorkton. Goti lake la kulia liliumia Januari 1965 na hakucheza tena. Yeye mwenyewe alisema kwamba goti halikumliza. Kilichomliza ni kwamba watu wawili waliotumwa na klabu kubwa kuja kumtazama waliinuka wakavaa kofia zao na kuondoka kabla hajabebwa kutoka barafuni.

Alifanya kazi katika ghala la ngano kando ya reli hadi mwaka 1974, klabu ya Norwood Herons ilipomwomba awe mtafuta vipaji wake katika Saskatchewan na Manitoba. Mwaka 1988 alifanywa mkuu wa uteuzi wa vijana. Kwa ajili ya wajukuu, ambao hawakumwona akiwa kazini: kila mwezi wa sita klabu zote kubwa hukaa ukumbi mmoja na kuchagua kwa zamu vijana wa miaka kumi na minane. Ukishalitaja jina, limetajwa. Kama ulichagua vizuri au vibaya hutajua siku hiyo, wala mwaka ule, maana kijana wa umri huo bado ni unga, hajawa mkate.

Kwa hiyo marehemu alijiwekea sheria, na akaifanya klabu nzima iifuate: darasa la vijana, yaani waliochaguliwa mwaka mmoja, halihukumiwi kabla ya mwaka wa tano. Aliwatazama vijana kwa namna yake. Hakujali sana aliyefunga. Alimtazama aliyepokonywa kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira, aone kama anageuka na kukifuata au anainua mikono kumlalamikia mwamuzi. Alitazama ukubwa wa viatu, ajue kijana bado atakua kiasi gani. Alikwenda kukaa karibu na akina mama, akawauliza baba wa mtoto alirefuka akiwa na umri gani.

Wenzake wa kazi wanamkumbuka kwa jambo moja zaidi. Watafuta vipaji hawaonyeshani wanayempenda. Mtu akivutiwa hufunga kalamu na kupiga miayo. Marehemu alipovutiwa alikwenda kununua soseji. Rafiki yake Lyle Bergstrom, aliyefanyia kazi klabu nyingine, aligundua.

"Orest akiinuka kwenda kwenye soseji," aliwaambia wengine, "andika namba ya aliyekuwa na kisahani."

Marehemu alipopata habari alianza kununua soseji ovyo, hata kwa vijana wasiojua kusimama barafuni. Lyle alituambia juzi kwa simu, "Mzee yule alinichagulisha kijana mbovu kuliko wote niliowahi kuchagua. Na soseji yenyewe hakuila, alinipa mimi."

Tarehe 14 Februari 1976 alifunga ndoa hapa Ituna na Bi Sylvia Prystupa, aliyekuwa mhudumu wa posta. Fungate waliila Flin Flon, kwenye baridi ya kupasua mawe, kwa sababu kulikuwa na mechi mbili ambazo bwana harusi alitakiwa kuzitazama. Bi Sylvia amekuwa akituambia kila harusi ya ukoo: "Wenzangu walipelekwa Banff kuona milima. Mimi nilipelekwa Flin Flon kuona beki wa kushoto." Walijaliwa watoto wawili, Marla na Darren.

Nyumba yao ilikuwa ofisi pia. Siku za kuandaa chakula cha kanisa, Bi Sylvia alipanga mezani perogi zake, vile vifurushi vya unga vilivyojazwa viazi, naye marehemu akija alizipanga upya kwa safu.

"Ona, mabeki tunao wa kutosha," alisema. "Makipa wawili, mmoja yuko tayari, mmoja bado. Lakini hapa katikati ni patupu. Hawa wakizeeka, nyuma yao hakuna mtu."

"Orest, ukimaliza timu yako nirudishie chakula changu. Maji yanachemka."

Lazima tuseme pia, kwa idhini yake Bi Sylvia, jambo lililokuwa kati yao, kwa sababu mji mzima unalijua. Bi Sylvia alitaka kuhamia Kelowna, kwa dada yake Adeline, penye ziwa na miti ya matunda na majira mafupi ya baridi. Mwaka 1994 marehemu alimwahidi kwamba darasa la mwaka ule likishaiva, ataacha kazi na wataondoka. Alimaanisha. Wala hakuwa mtu wa kusema uongo.

Mwaka 1999 ulipofika, darasa lile lilikuwa limeiva. Bi Sylvia alishusha mapazia, akagawa mitungi yake ya achari, na wanawake wa kanisa wakawaandalia karamu ya kuwaaga katika ukumbi wa hapa jirani. Walipewa saa ya ukutani yenye majina yao. Wiki hiyo hiyo meneja mkuu wa klabu, Bwana Haverty, alipiga simu. Alitaka kuwaacha vijana kadhaa wa mwaka 1997, akiwemo kipa mmoja aliyeitwa Wade Sorensen, ambaye alikuwa akifungwa magoli kama mlango uliosahauliwa wazi.

Marehemu aliweka simu chini akabaki amesimama. "Bado mbichi yule," alisema. "Nikiondoka, nani atamwambia Haverty kwamba bado mbichi?"

"Na nyuma yake kuna wa tisini na nane," Bi Sylvia akamjibu. "Na wa mwaka huu. Na mwezi wa sita ujao utanichagulia wengine. Hawa watoto wako hawaishi kukua, Orest!"

"Hawa tu. Hawa wakifika."

Mapazia yakarudishwa. Saa ya kuagwa ikatundikwa jikoni katika nyumba waliyoagwa waiache. Tangu hapo watu wa Ituna wana msemo, na wengi mmeutumia bila kukusudia ubaya. Ukiuliza barabara ya kwenda ziwani itawekwa lami lini, unajibiwa, "Dutchak akiondoka." Bi Sylvia alikuwa akiusikia dukani na posta, akacheka pamoja na wenzake, kisha akaingia garini na kukaa kidogo kabla ya kuwasha injini.

Mwaka 2004 klabu iliajiri watu wa kupima uteuzi wake wa miaka yote aliyokuwa mkuu. Walitazama kila kijana aliyechaguliwa, nafasi aliyochaguliwa, na mechi alizocheza baadaye katika ligi kubwa, wakalinganisha na klabu nyingine. Walifanya kazi yao kwa haki. Waliona kwamba Norwood ilikuwa katikati. Makipa na mabeki ilichagua vizuri kuliko wengi, washambuliaji wa katikati vibaya kuliko karibu wote, na kwa jumla, kama klabu ingefuata tu ile orodha ya wazi ya vijana bora ambayo kila mtu huisoma, ingepata takriban kile kile.

Marehemu aliisoma taarifa ile mezani jikoni, akarudia kurasa za katikati. "Ni kweli," alisema. "Mimi mwenyewe nilijua katikati ni patupu."

Bi Sylvia alivuta kiti akakaa mbele yake. Alisema kwa upole, "Basi umeshahukumiwa, mume wangu. Si vizuri sana, si vibaya. Sasa twende."

"Bado madarasa manne ya mwisho," akasema marehemu. "Hayajafika mwaka wa tano. Hawawezi kuyahesabu."

Sheria ile aliyoiweka ili mtoto asiachwe kabla ya wakati wake ilikuwa imemfungia mwenyewe ndani, pamoja na mke wake, na kila mwezi wa sita iliongezwa komeo jingine. Hakuona. Au aliona, na hakujua mlango uko wapi. Alibaki kazini mpaka mwaka 2011 klabu ilipomstaafisha, na hata hapo aliendelea kwenda viwanja vya Yorkton na Prince Albert kwa gharama yake kuwafuatilia wale ambao darasa lao halijafika mwaka wa tano.

Tunapaswa kusema na upande wa pili. Wade Sorensen aliiva mwaka wa sita. Alidaka katika ligi kubwa misimu tisa, na leo ni mmoja wa wabeba jeneza. Jana usiku alimwambia Bi Sylvia, "Mama, mzee alinisubiri wakati hata baba yangu alishachoka." Bi Sylvia alimshika mkono akamwambia, "Najua, mwanangu. Tulikusubiri wote wawili."

Ugonjwa wa kusahau ulianza kuonekana mwaka 2014. Septemba 2016 alihamia nyumba ya kutunzia wazee huko Yorkton. Mlango wa pale hufunguliwa kwa namba, naye hakuweza kuzishika. Kila alasiri alivaa koti akasimama hapo, akiwaambia wauguzi kwamba anachelewa mechi. Siku moja Bi Sylvia alimkuta hivyo, akamfungulia vifungo vya koti, akamwambia bila hasira, "Hapo unaposimama, Orest, mimi nimesimama tangu mwaka tisini na tisa."

Majira haya ya baridi aliwauliza watu wote habari za vijana. Yule kipa amefikaje? Yule beki wa Swift Current je? Watoto wake walijaribu kumweleza kwamba wale sasa ni wanaume wenye mvi, akakasirika. Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi alimuuliza Bi Sylvia, na Bi Sylvia akamjibu, Marla akiwapo:

"Wameiva wote, Orest. Walioiva wameiva, walioharibika wameharibika. Hakuna uliyemwacha njiani."

"Na wa katikati?"

"Wa katikati tulikosa. Hilo nalo limeshahesabiwa."

Marehemu akasema, "Basi chukua koti lako, Sylvia. Twende kwa Adeline."

Bi Sylvia alilichukua koti lake akalivaa, akakaa kando yake akiwa amelivaa mpaka chakula cha jioni kilipoletwa.

Marehemu alifariki usingizini asubuhi ya Alhamisi, tarehe 4 Aprili 2019, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ametanguliwa na wazazi wake na kaka zake, Nestor na Harry. Ameacha binti yake Marla na mumewe Curtis, mwanawe Darren, wajukuu Brooke, Evan na Tessa, na shemeji yake Adeline. Ameacha mjane, Bi Sylvia, ambaye mwanzoni mwa Juni anahamia Kelowna. Nyumba imeshauzwa. Wanaotaka kumwandikia waombe anwani kwa Marla. Baada ya mazishi nyote mnakaribishwa chakula ukumbini. Familia inaomba isiwe karamu ya kumuaga Bi Sylvia, kwani ile aliyofanyiwa inatosha.

Mungu ampe Orest mapumziko, na kumbukumbu yake iwe ya milele.