Nahmen Rörden, Aliyerudi Kusahihisha Njia

Ndugu, jamaa na majirani wa Oldsum, pamoja nanyi mliovuka maji kutoka bara na kutoka Uingereza kuja kumsindikiza mzee wetu, familia imenituma mimi, Ocke, mtoto wake wa pili, niwasomee maisha yake, nami nawaomba mnivumilie nikipandisha sauti, maana yapo mambo humu ambayo sijawahi kuyasimulia nikabaki nimetulia.

Marehemu Nahmen Rörden alizaliwa tarehe 14 Machi 1912 hapa Oldsum, kisiwani Föhr, akiwa mtoto wa nne wa Rörd Nahmens na mkewe Kressen, katika nyumba ileile ya paa la matete alimoishi mpaka mwaka huu, na mwaka 1918 akaanza shule Süderende, akamaliza mwaka 1926, huku kila majira ya baridi akifundishwa hesabu za ubaharia na nahodha mmoja mstaafu, kama watoto wa kisiwa hiki walivyofundishwa tangu zama za kuwinda nyangumi. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wenzake wote, ila alikuwa na haraka ya ajabu, hata yule nahodha akamwandikia kwenye jalada la daftari kwamba arudie hesabu kabla ya kuinuka kitini, na daftari hilo tunalo hadi leo.

Mwaka 1927 alipanda meli ya mizigo huko Hamburg, akafagia, akapika, akashika usukani, mpaka mwaka 1936 alipopata cheti cha ofisa wa meli, na tarehe 27 Desemba 1938 akafunga ndoa na Göntje Früdden wa Utersum, katika kanisa hilihili, kwa sherehe ambamo wazee waliorudi kutoka New York walichanganya kileo chao cha Manhattan kwa wingi kiasi kwamba bwana harusi alikwenda kwa shangazi yake akidhani ni kwake. Mungu aliwajalia watoto wawili, dada yangu Keike mwaka 1940 na mimi mwaka 1947, na kati ya miaka hiyo miwili ndipo lilipotokea jambo lililomkosesha raha miaka mingi.

Vita vilipoanza aliitwa jeshini, na kuanzia Aprili 1941 akawa msoma ramani katika nyambizi iliyokuwa chini ya Kamanda Wiegand Ahlers, mtu wa maneno machache, na Jumanne ya tarehe 16 Juni 1942, saa nne asubuhi, magharibi ya visiwa vya Azori, nyambizi hiyo ikaizamisha meli ya ngano ya Kiingereza, Aldbrough Grange. Ilizama kwa dakika tisa, maofisa wake wote wakafa, wakabaki watu kumi na tisa katika mashua moja, mkubwa wao akiwa msimamizi wa mabaharia aitwaye Albert Tranter, aliyejua kushika usukani lakini hakuwa na ramani wala hakujua walipo. Nyambizi ikaibuka, Ahlers akawapa mkate, maji na sigara, kisha akamwagiza Nahmen awaandikie njia ya kufika nchi kavu, naye akashuka mbio, akapiga hesabu, akawapa karatasi, wakamshukuru, wakatweka tanga, nyambizi ikaenda zake.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu kosa lenyewe ni la watu wa nyambizi, mwingine asingeweza kulifanya. Bahari yote waliigawa miraba yenye namba, na kila mraba ulikuwa na namba mbili, moja ya kweli ya kutumia chomboni, nyingine ya uongo ya kutuma kwa redio ili adui asielewe, na dakika arobaini baadaye, alipoketi kuandika daftari la safari, Nahmen akaona kwamba, kwa haraka yake ileile, alikuwa ameokota namba ya uongo kutoka karatasi ya redio na kuipigia hesabu. Kisiwa cha Flores kilikuwa mashariki kwao, maili mia mbili na kumi, na yeye alikuwa amewaelekeza kaskazini-mashariki, wakipite kisiwa bila kukiona, waingie katika maji matupu wakiwa na akiba ya siku nane.

Akapanda kwa kamanda, akamweleza yote bila kujitetea, naye Ahlers akamjibu kwamba wamewapa mkate na maji, na kwamba zaidi ya hapo ni vita, kila mtu na bahati yake.

"Njia nimewapa mimi, Kamanda," Nahmen akasema, "na wanaifuata kwa sababu wameniamini."

Ahlers akatazama saa yake, akatazama upeo wa bahari, halafu akasema, "Tunarudi. Tukiona chombo chochote nazamisha nyambizi, hata kama wewe uko juu."

Wakarudi, jamani, nyambizi nzima yenye watu arobaini na tano ikarudi kwa ajili ya kosa la hesabu! Ilipowakaribia, wale mabaharia waliamini wamefuatwa kuuawa ili wasiseme walichokiona, wakalala chali chini ya mbao za kukalia za mashua, wengine wakisali, akabaki amesimama Tranter peke yake na kasia mkononi, kana kwamba kasia lingezuia mzinga. Nahmen, ambaye safari hii alikuwa amerudia hesabu mara tatu kabla ya kuinuka, alitia karatasi ya njia sahihi ndani ya kopo tupu la kahawa, akasimama ukingoni mawimbi yakimpiga mapajani, na alipoinua mkono tu, mlinzi akapiga kelele kwamba anaona moshi kaskazini. Akarusha, kopo likaanguka majini, hatua kama kumi kutoka kwenye mashua, na yeye akakimbilia mlangoni nyambizi ikiwa tayari inazama, akaporomoka ngazini, akavunjika goti. Hakuona kama kopo lile liliokotwa.

Goti hilo, ambalo ninyi nyote mnalijua kwa mwendo wake wa kuchechemea, lilimlaza hospitalini katika bandari ya Lorient miezi mitano, na wakati amelala ikatoka amri kali ya kukataza kuwasaidia waliozamishiwa meli, na nyambizi yake ikaondoka bila yeye, isirudi tena, na Ahlers wake na wenzake wote. Baba aliwalilia mpaka uzeeni, akasema wale kumi na tisa ndio waliomtoa humo, naye kwa miaka mingi hakujua kama yeye aliwatoa.

Baada ya kufungwa na Waingereza mwisho wa vita hadi Septemba 1946 alirudi kwa Göntje, na kuanzia 1948 hadi 1977 alifanya kazi katika feri ya kati ya Dagebüll, kule bara, na Wyk, hapa kisiwani, ambako kila abiria Mwingereza aliulizwa habari za Aldbrough Grange kabla hata ya kuulizwa tiketi, wenzake wakamtania kwamba anatafuta mchumba wa zamani, naye akacheka nao, halafu akija nyumbani anaandika barua nyingine, kwa vyama vya mabaharia, kwa magazeti, miaka kumi na sita.

Tarehe 8 Agosti 1964 alishuka ferini mzee mnene mwenye kofia, ameshika kopo la kahawa. Tranter huyo! Kopo walilivuta kwa kasia lile lile, kisha wakabishana karibu saa mbili waiamini karatasi ipi, ya kwanza au ya pili, mpaka Tranter akawaonyesha neno moja la Kiingereza ambalo Baba aliliandika chini ya namba, lenye maana ya "Samahani," akawaambia kwamba mtu anayetaka kukuua harudi kukuomba radhi. Wakageuza tanga. Baba aliketi chini palepale gatini, mbele ya abiria, akalia kwa sauti.

Mama alitutoka mwaka 1981. Mwezi Machi mwaka huu Baba alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Wyk, akaomba kurudishwa nyumbani, akafariki Ijumaa, tarehe 4 Novemba 1988, akiwa na miaka sabini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomletea supu hata alipokataa kula, wenzake wa feri mliolibeba jeneza, na Bibi Maureen, binti wa marehemu Tranter, aliyeliweka kopo lile juu ya jeneza asubuhi hii. Jiwe lako la kaburi, Baba, litaandikwa maisha yako yote kama ilivyo desturi yetu, na hesabu tumeirudia kabla ya kuinuka: tarehe 22 Juni 1942, kisiwani Flores, walifika wote kumi na tisa. Pumzika sasa.