Nyumba Nilizozikagua Nikiwa Garini

Mheshimiwa Kanali Brandvold, mkuu wa kambi yetu ya Dunmore, Mchungaji Oakley, maafisa na askari, wake na waume zao mnaofungasha mizigo kila baada ya miaka mitatu, wenzangu wa ofisi ya makazi, mabibi na mabwana.

Nimeambiwa niseme maneno machache matamu, nyama isije ikapoa. Nisameheni. Kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita naiaga leo nikiwa na aibu, na mficha uchi hazai.

Wengi wenu mnapokea posho ya nyumba bila kujua inakotoka. Inaanzia kwangu. Kila Aprili, mimi na Ndugu Dabney, anayeendesha gari la ofisi, huzunguka mjini kutafuta nyumba zinazopangishwa. Kila cheo kina nyumba yake: kapteni mwenye familia amelinganishwa na nyumba ya vyumba vitatu, awe na mtoto mmoja au sita. Tunaandika kodi, tunaongeza umeme na maji, tunapeleka makao makuu. Wao wanatafuta kodi ya katikati, na Januari jedwali la posho linarudi. Aliyekwisha kuhamia hapunguziwi. Anayekuja baadaye anachukua anachokikuta.

Lipo sharti kwamba nyumba isiyofaa kuishi isihesabiwe. Nani huamua kwamba inafaa? Mimi. Niliamuaje? Kwa kuitazama kutoka barabarani, kioo cha gari kimefungwa, kahawa mkononi. Dabney alikuwa akinitania, "Bi Lorna, siku ukishuka humu garini, theluji itaanguka Julai!" Nami nilicheka, maana niliona ni utani tu.

Mwaka jana, baada ya mafuriko, nilipungukiwa. Zilitakiwa nyumba thelathini za vyumba vitatu, nikapata kumi na tisa. Mtaa wa Tansill ulikuwa nazo kumi na moja, zimepakwa rangi mpya, kodi yake rahisi. Dabney akapunguza mwendo.

"Maji yalifika madirishani hapa, Bi Lorna."

"Yameshakauka. Andika, twende zetu."

Akaandika. Nawasihi, mtu asimlaumu Dabney.

Januari posho ya kapteni mwenye familia ikashuka. Februari akahamia kwetu Kapteni Royce Tillery, pamoja na mkewe Corinne na binti yao Maeve, mwenye miaka sita. Kapteni ameniruhusu niyaseme haya, ila kuja kuyasikia hakuweza. Mwenzake wa cheo kile kile, aliyemtangulia mwaka mmoja tu, alibaki na posho ya zamani. Tillery alizunguka mji mzima wiki mbili na posho yake mpya, na nyumba akaipatia wapi? Mtaa wa Tansill. Nyumba nilizoziandika ziliishusha posho, na posho iliposhuka ikamsukuma kwenye nyumba hizo hizo.

Mei Corinne aliingia ofisini na kipande cha ubao alichokibandua ukutani kwake, ndani ya mfuko wa plastiki. Upande wa nyuma ulikuwa mweusi tititi kwa kuvu. Maeve alikuwa ametoka hospitali, amelazwa siku kumi na moja, pumzi hazimtoshi.

"Mama," aliniambia bila kupaza sauti, "ni wewe uliyesema nyumba yetu inafaa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Uliingia ndani?"

"Hapana."

"Hata mlangoni hukufika?"

Nikatikisa kichwa.

"Haya. Basi njoo unuse."

Nilikwenda. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kitanda kile nilikipangia bei. Nilisimama chumbani kwa mtoto dakika kumi, koo likaniwasha siku mbili.

Niliandika makao makuu kuomba nyumba zile zifutwe. Nilijibiwa kwa adabu kwamba jedwali la mwaka huu halifunguliwi, na orodha ya mwakani imeshafungwa. Kwenye orodha hiyo, ndugu zangu, nilikuwa nimeziandika tena. Corinne akamchukua Maeve wakaenda kwa bibi yake, Nebraska. Posho haikuwafuata, kwa kuwa hufuata kituo cha kazi cha baba. Kapteni akabaki Tansill, amefungwa na mkataba wa nyumba.

Mheshimiwa Kanali, umenisifu kwamba miaka yote hii sikuwahi kupeleka orodha yenye pengo. Ni kweli, na ndilo kosa langu. Ndugu Dabney, wewe utakayekalia kiti changu, orodha ikipungua iache ipungue, makao makuu wakufokee. Shuka garini. Piga hodi. Omba uonyeshwe chumba cha mtoto.

Asubuhi hii nilimpigia Corinne simu kumwomba radhi tena.

"Maeve anapumua vizuri sasa," alisema. "Ila anaamini baba yake alimfukuza kwa sababu anakohoa sana. Miezi sita sasa namweleza mambo ya posho, hanielewi. Wewe ndiye unayeyajua, mama. Ungemwambiaje?"

Nilikata simu, nikafungua orodha ya wanaopokea posho, nikautafuta mstari wa Kapteni Tillery. Anaishi peke yake, anapika chakula cha mtu mmoja, na pale mimi bado nimemwandika mwenye familia.

Nawashukuru kwa kuketi mkanisikiliza hadi hapa. Asanteni.