Ombi la Kufutwa kwa Picha ya Pengo

Mgeni rasmi, uliye Mkurugenzi wa Ghala la Picha, Mkuu wa Shule, Mwalimu Mlezi, Mama Bweni, ambaye leo amevaa viatu ambavyo hatujawahi kuviona, wazazi na wanafunzi wenzetu:

KARIBU
Sisi wanachama wa Chama cha Picha na Muziki tunakukaribisha kwa mikono miwili. Ukumbi tumeupiga deki mara mbili, na mara ya pili hatukulazimishwa. Umekuja kutupa cheti. Tunashukuru, ila tuna jambo zito kuliko cheti.

TULIKOTOKA
Shule yetu hutengeneza kozi za mtandaoni za kuwafunza wafanyakazi wa viwandani na madukani. Walimu huandika masomo, sisi huchagua picha na muziki. Picha hutoka kwenye ghala lako la mtandaoni. Ukitafuta "mfanyakazi mwenye furaha" wanakuja mia mbili, wote meno meupe. Muziki wetu ni kinanda na mluzi, sekunde thelathini, kisha unarudi mwanzo.

Muhula uliopita tulichoshwa na nyuso zile zile. Tukamwita mwenzetu Pengo, ambaye jino lake la mbele lilibaki uwanja wa mpira.

"Tabasamu kama mtu aliyefaulu hesabu," tulimwambia.

"Nyie wahuni, picha ya nini?"

"Ya kumbukumbu, bwana. Shika kalamu. Tazama kushoto kidogo."

Tulimziba lile pengo kwa kompyuta ili apendeze, tukaituma picha ghalani kwako. Fomu iliuliza: aliye pichani ameridhia itumike popote, kwa jambo lolote, milele? Tukatia sahihi kwa niaba yake. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

MAFANIKIO
Picha ilikubaliwa siku hiyo hiyo. Sasa Pengo yumo katika kozi za usalama kazini, za kumtuliza mteja mwenye hasira, na moja ya kuwahudumia wafiwa. Anatabasamu kote. Katika moja amevaa kofia ya chuma, katika nyingine koti la daktari.

Mgeni rasmi, sisi tulimpiga picha moja tu, akiwa na sare ya shule.

YANAYOTUSUMBUA
Jino limeota. Daktari wa meno alilichungulia, akauliza nani amelitengeneza, kisha akanawa mikono upya.

Pengo haandiki tena. Hushika kalamu, huinua uso kushoto kidogo, hutabasamu. Mtihani wa hesabu aliurudisha mweupe. Mwalimu alianza kumgombeza, akaishia kumwomba radhi.

Zamani hakuweza kupiga mluzi, hewa ilipita pengoni. Sasa anapiga. Tumempima kwa saa: sekunde thelathini, anarudi mwanzo.

Siku ya wazazi dada yake mdogo alimtazama, akajificha nyuma ya mama yao.

"Mama, huyu siye kaka. Kaka yuko wapi?"

"Acha utani, mwanangu," mama alisema. Lakini naye hakumkumbatia.

Hatujacheka tangu siku hiyo.

OMBI
Hatuombi kompyuta wala spika mpya. Tunaomba picha ile ifutwe leo. Tuliandikia ghala barua pepe tatu. Zote zilijibiwa, "Asante kwa kuchagua furaha," na chini yake alikuwepo Pengo.

Fomu ya kuiondoa ipo mezani mbele yako. Inadai sahihi ya aliye pichani, kwa mkono wake mwenyewe, na sisi kughushi tumekoma. Amekaa mstari wa mbele, kiti cha tatu, kalamu mkononi. Tangu asubuhi tunambembeleza: andika jina lako tu, ndugu yetu. Anatazama kushoto. Wewe peke yako, kama Mkurugenzi, unaweza kusaini badala yake. Tafadhali saini.

Ratiba inasema baada ya risala ni picha ya pamoja. Tunaomba isipigwe. Mpiga picha, shusha kamera, kaka.

Na mluzi huo unaousikia, mgeni rasmi, si wa spika. Spika tulizizima kabla hujaingia.

Mungu akulinde, akulindie na wanao, kila mmoja abaki na sura yake.

Ni sisi, Chama cha Picha na Muziki: wanachama tisa, na wa kumi tunayemsubiri arudi.